Nyaya zikifungwa tita, breka haina habari

WANAOREJEA Rusizi kutoka Kongo, Burundi, Tanzania au mbali zaidi, wakishapata kiwanja kando ya barabara, wengi hujenga kitu kimoja: safu ya vyumba vya biashara. Vyumba vinne, sita au kumi, milango ya chuma mbele, mabati juu na baraza ndefu ya saruji. Ndiyo pensheni ya mtu asiye na pensheni. Hapa Nzahaha, kwenye njia ya kuteremka kutoka Kamembe kwenda tambarare ya Bugarama, safu hizo zinaongezeka, na wanaopanga humo ni watu wa mpakani: wauza vitenge, wenye saluni, wenye maduka ya vinywaji, wanaochaji na kutengeneza simu, wanaohifadhi samaki kwenye friza kabla ya kuwavusha.

Umeme wenyewe hatukuuletewa kutoka mbali. Mto Rusizi unaotutenganisha na Kongo unazungusha mitambo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, bwawa la kwanza lilipojengwa pale mto unapotoka Ziwa Kivu. Rusizi ya pili, mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo kupitia shirika la SINELAC, ilianza kazi mwaka 1989. Kwa hiyo tatizo ninalotaka kulieleza leo halihusu kukosa umeme. Linahusu jinsi tunavyoupitisha juu ya dari zetu.

Mimi ni fundi umeme. Kazi niliianzia Kigoma nikiwa kijana, nikarejea nayo huku. Jambo ninalokutana nalo karibu katika kila safu ya vyumba ni hili: paipu moja nene inatoka kwenye ubao wa breka, na ndani yake zimesukumwa nyaya za vyumba vyote, zimebanana kama tita la kuni. Ukimuuliza fundi aliyezipitisha, atakuambia kila waya ni ya milimita 2.5 za mraba na kila chumba kina breka yake ya ampia 20, basi tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba waya inayofaa ikiwa peke yake inaweza isifae ikifungwa pamoja na wenzake.

Mpunga na kebo ya kuviringisha

Mkulima wa mpunga wa Bugarama hahitaji kufundishwa jambo hili. Akianika mpunga mbichi kwa kuutandaza, unakauka. Akiurundika, baada ya siku moja akichomeka mkono katikati ya rundo atakuta joto, na akiuacha utaharibika kuanzia ndani kwenda nje. Punje za pembeni zina pa kutolea joto lao. Za katikati zimezungukwa na punje nyingine zenye joto lilelile.

Waya nayo, umeme ukipita, hupata joto. Joto hilo haliongezeki sawasawa na umeme: ukizidisha ampia mara mbili, joto linalozalishwa linakuwa mara nne. Ikiwa peke yake ukutani, waya inalitoa hewani. Ikiwa katikati ya nyingine kumi zinazofanya kazi, inalirudisha kwa jirani na jirani anairudishia lake.

Asiyeamini na atafute ile kebo ndefu ya kuviringisha kwenye gurudumu, wanayotumia wapiga muziki kwenye harusi. Nyingi zina kibandiko chenye namba mbili. Namba kubwa, mara nyingi wati 3,000 na zaidi, ni ya kebo iliyokunjuliwa yote. Namba ndogo, mara nyingi karibu wati 1,000, ni ya kebo iliyobaki imeviringishwa. Waya ni ileile, shaba ni ileile, kiwanda ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba moja imepumua na nyingine imejifunika yenyewe. Nimeshaziona zilizoyeyuka kati zikawa donge moja la plastiki, wakati ncha zake mbili bado zinang'aa kama mpya.

Hesabu yenyewe

Watunga kanuni wa dunia waliliona jambo hili zamani wakaliwekea majedwali. Jedwali la kimataifa la IEC na lile la Waingereza, ambalo ndilo mafundi wengi waliosomea Tanzania, Kenya na Uganda wanalijua, yanatoa namba zilezile. Kwanza unahesabu sakiti, si nyaya. Ile ya moto na nyutro yake ni sakiti moja. Ethi haihesabiwi kwa sababu siku za kawaida haibebi kitu. Kisha unachukua uwezo wa waya ikiwa peke yake na kuuzidisha na namba ya kupunguzia.

Sakiti mbili zikiwa pamoja kwenye paipu moja, au zimefungwa pamoja kwa namna yoyote, zidisha kwa 0.80. Tatu, 0.70. Nne, 0.65. Tano, 0.60. Sita, 0.57. Tisa zinakula nusu nzima, na ishirini zinakuachia 0.38 tu.

Wamarekani wana jedwali lao linalohesabu nyaya zenye mzigo badala ya sakiti. Kwao nyaya nne hadi sita ni asilimia 80, saba hadi tisa ni 70, na kumi hadi ishirini ni 50. Nimewahi kuyalinganisha kwa sababu ndugu mmoja aliyerejea kutoka huko alikuja na kitabu chao na tukabishana. Njia ni tofauti ila jibu halipishani sana: sakiti zetu sita ni nyaya kumi na mbili zenye mzigo, sisi tunasema 0.57, wao wanasema nusu.

Sasa tuichukue ile waya ya milimita 2.5. Kwenye paipu iliyopita ukutani, ikiwa sakiti moja, shaba halisi na plastiki ya kawaida, mahali penye joto la nyuzi 30, jedwali linaipa ampia 24. Hapo breka ya 20 inaikinga vizuri. Waweke sakiti sita pamoja: 24 mara 0.57 ni kama 13.7. Waya haikubadilika, lakini sasa ina haki ya kubeba ampia 13 na kitu, huku mlinzi wake akisubiri 20.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kuielewa breka, ambayo wenzetu waliosoma kwa Kifaransa huiita disjoncteur. Wanaiona kama polisi anayeona kila kitu. Breka haioni joto la dari yako. Inaona ampia zinazopita ndani yake yenyewe, basi. Tena si mwepesi wa kuruka: kwa kiwango kinachotengenezewa breka hizi, ile ya 20 inatakiwa ivumilie ampia 22 na zaidi kidogo kwa saa nzima bila kukata. Kwa hiyo mpangaji akivuta 17 au 18 mchana kutwa, breka imetulia, taa inawaka, Cash Power inahesabu, na juu ya dari waya inapikwa.

Vyumba sita vya mama mmoja

Mwaka huu niliitwa na mama mmoja aliyerejea kutoka Kivu ya Kusini. Alikuwa anamalizia safu ya vyumba sita na plasta ilikuwa haijapigwa. Fundi wa kwanza alikuwa ameshaweka ubao wa breka mwisho wa jengo, upande wa barabara, kwa sababu nguzo ya umeme iko upande huo. Kutoka hapo paipu moja ilipanda juu ya dari na kukimbia urefu wote wa jengo, ikidondosha sakiti moja kwa kila chumba. Kwa maana hiyo, kipande cha mwanzo kina sita, kinachofuata tano, na kadhalika mpaka chumba cha mwisho chenye yake peke yake.

"Fundi, huyu wa kwanza alinihakikishia waya ni nzuri," akaniambia.

"Waya ni nzuri, mama," nikamjibu. "Njia yake ndiyo mbaya."

Nilimuuliza nani watapanga. Chumba cha kwanza alikuwa amekiahidi kwa mwenye saluni. Nikamfanyia hesabu kwenye kipande cha boksi. Mashine mbili za kukausha nywele za wati 1,500 kila moja na birika la umeme la wati 1,000, jumla wati 4,000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampia 17 na nusu hivi. Cha pili alikitaka kijana wa kuoka mikate midogo. Cha tatu vinywaji, friji mbili na friza. Hawa watatu wakifanya kazi jioni moja, siku ya soko, na wale wengine wakiwa na vyao, lile tita linabeba kuliko linavyoruhusiwa na breka zote sita zimekaa kimya.

Plastiki ya kawaida ya waya imepimwa kubeba nyuzi 70. Kwenye joto la nje la 30, ampia 13.7 ndizo zinazoifikisha hapo. Zipandishe ziwe 17 na nusu kwa sakiti zote na waya inakaribia nyuzi 95. Haitawaka leo. Italainika, itakakamaa, itapasuka pale inapokunjwa, na siku moja shaba mbili zitagusana. Mafundi wa viwandani wana makadirio ya zamani kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hukata umri wa plastiki kwa nusu. Waya iliyotarajiwa kukaa miaka 20, ikipikwa mfululizo kwenye nyuzi 90, imebakiwa na kama mitano. Kwa hiyo moto hauji wakati fundi yupo. Unakuja akiwa ameshalipwa, amehama, na nambari yake ya simu haipatikani.

Na bado sijaongeza mabati. Mteremko wa Nzahaha unashuka kuelekea sehemu ya chini kabisa ya nchi hii, kwenye bonde la Rusizi, na saa nane mchana chini ya bati lisilo na kitu kati yake na dari, joto la nyuzi 45 si ajabu. Jedwali la joto linasema kwenye 45 uzidishe tena kwa 0.79. Basi 13.7 mara 0.79 inakuacha na ampia 10.8. Umeanza na 24, umebaki na chini ya nusu, na hakuna mtu aliyekuibia hata sentimita moja ya waya.

Ukitaka kuiponya paipu ileile pale pale juu ya dari na breka zile zile za 20, unahitaji waya yenye uwezo wa ampia 44 ikiwa peke yake. Waya ya milimita 4 inapewa 32, ya 6 inapewa 41, zote hazitoshi. Inabidi uende kwenye milimita 10, yaani shaba mara nne ya ile iliyonunuliwa. Mama aliposikia hivyo alikaa kwenye tofali.

Lakini dawa ya bei nafuu ilikuwepo kwa sababu plasta ilikuwa bado. Tuliuhamisha ubao wa breka kutoka mwisho wa jengo hadi katikati, kati ya chumba cha tatu na cha nne. Sakiti tatu zikaenda kushoto, tatu kulia. Namba ya kupunguzia ikatoka 0.57 ikawa 0.70, na urefu wa waya ukapungua pia, kwa sababu hakuna tena inayokimbia jengo zima. Kisha paipu tukaziteremsha chini ya dari, ukutani, ambako joto halizidi 35, na kwa 35 punguzo ni 0.94 tu. Tukatumia waya ya milimita 4: 32 mara 0.70 mara 0.94 ni ampia 21. Breka ya 20 sasa inamlinda mtu anayestahili kulindwa. Ile ya milimita 2.5 iliyokuwa imenunuliwa haikutupwa, ilitumika kushuka kutoka boksi la kila chumba hadi soketi zake, ambako iko peke yake.

Kuhama kwa ubao kulitugharimu siku moja ya kutindua matofali na mita kadhaa za kebo kubwa ya kutoka kwenye mita. Ungekuwa umechorwa hapo tangu mwanzo, ungegharimu mstari mmoja wa kalamu.

Nikiri pia kwamba hesabu hii si ya kila jengo. Duka lenye balbu mbili za LED na chaja ya simu halifiki hata ampia moja. Kanuni zenyewe zinasema sakiti isiyobeba zaidi ya asilimia 30 ya uwezo wake ndani ya kundi haina haja ya kuhesabiwa miongoni mwa zinazowapasha wenzake joto. Kwa hiyo usimkubali fundi anayekutisha ili akuuzie shaba usiyoihitaji. Taa zote za safu nzima zinaweza kupita pamoja bila shida. Wanaosumbua ni wale wanaovuta mfululizo: friza, saluni, jiko la umeme, oveni, mashine ya kuchomelea, mashine ya kusaga.

Kwa wenye majengo makubwa zaidi, ya ghorofa kama yale ya Kamembe, ambako kebo hupangwa kwenye trei ya bati yenye matundu, kuna jambo la kushangaza kidogo. Kebo tisa zikitandazwa mstari mmoja kwenye trei hiyo, zinabaki na asilimia 72 ya uwezo wake. Zikikusanywa na kufungwa pamoja kwa vile vifungo vya plastiki, zinabaki na 50. Fundi anapozifunga zikawa nadhifu kama nywele zilizosukwa, mwenye jengo anampongeza na kumwongezea ya soda. Ukiacha kati ya kebo na kebo nafasi inayozidi mara mbili ya unene wake, hupunguzi kitu kabisa.

Moto tunaoukumbuka

Watu wa Rusizi hawahitaji kuelezwa maana ya soko kuungua. Soko kuu la Bujumbura liliteketea Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, na hasara yake ilifika hadi huku, kwa sababu wafanyabiashara wengi wa pande hizi walikuwa wakichukua bidhaa pale, wengine kwa mali kauli. Chanzo chake kilibishaniwa na sidai kwamba kilikuwa tita la waya. Ninachokumbuka ni watu waliobaki na deni la mzigo ambao haukuwepo tena.

Mwaka uliofuata, 2014, ilikuwa zamu yetu: mfululizo wa moto kwenye majengo ya biashara ya Kigali, gereza la Muhanga mwezi Juni, gereza la Rubavu mwezi Julai. Wakuu wa serikali walielekeza kidole kwenye umeme, hasa ufungaji mbovu na vifaa hafifu, na ukaguzi wa majengo ukakazwa. RURA, mamlaka ya udhibiti, ilikuwa imeshaanzisha utaratibu wa fundi umeme kuwa na kibali cha daraja lake. Kuona kibali hicho kabla ya kumpa mtu kazi si kumvunjia heshima.

Wala si maskini peke yao wanaosahau joto. Mwaka 1998, huko Auckland, New Zealand, kebo nne kubwa zilizolisha katikati ya jiji zilikufa moja baada ya nyingine katika kiangazi kikali. Ardhi kavu ilishindwa kuondoa joto lake, na kila moja ilipokufa zilizobaki zikaongezewa mzigo. Mitaa ya ofisi na maduka ilikaa takriban wiki tano bila umeme wa kutosha. Wale walikuwa na wahandisi na kompyuta.

Pima waya kwa mizani ya maharagwe

Neno kwa wanaonunua waya wenyewe, upande huu au ule wa mto. Namba zote nilizozitaja zinadhani waya ni shaba kweli na ni nene kama ilivyoandikwa. Sokoni kuna waya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, na kuna zilizoandikwa 2.5 ambazo hazifiki 2. Hizo zinapata joto zaidi kwa ampia zilezile, na ukizifunga tita, jedwali halikusaidii tena.

Mfanyabiashara ana kipimo kizuri kuliko macho, nacho ni mizani. Mita 100 za waya ya milimita 2.5 zina shaba ya kilo 2.24, bila plastiki. Bunda likiwa na plastiki yake lazima lizidi hapo. Ukiliweka kwenye mizani ya maharagwe likasoma kilo moja na nusu, lirudishe, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Ya aluminiamu iliyopakwa shaba haifiki hata kilo moja ya chuma ndani yake. Na kama mizani haipo, kwangua ncha kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani, ile nyingine inakuwa nyeupe.

Kuna na jambo la rangi, ambalo si la joto lakini linatuhusu sisi tuliotoka nchi mbalimbali. Aliyejifunza kwenye majengo ya zamani ya Tanzania au Uganda anajua nyeusi ni nyutro na nyekundu ni ya moto. Aliyejifunza kwa mtindo wa Kibelgiji, Bukavu au Bujumbura, anajua nyutro ni ya bluu na nyeusi ni ya moto. Hawa wawili wakifanya kazi jengo moja, mmoja asubuhi mwingine jioni, kuna atakayeshika nyeusi akiamini imelala. Tumia kipima umeme kila mara, hata kama aliyezifunga ni mwalimu wako.

Nani analipa

Mwenye jengo akishapangisha, mpangaji huleta vitu ambavyo havikuwepo kwenye mazungumzo. Alikuja na cherehani, mwezi wa tatu ana pasi ya umeme, mwezi wa sita ana friza mbili. Breka ikianza kuruka, anaita kijana wa mtaani, kijana anaibadilisha ya 20 anaweka ya 32. Kuanzia siku hiyo waya ndiyo imekuwa fyuzi. Jengo likiungua, mwenye jengo anapoteza kuta na bati. Wapangaji sita wanapoteza mzigo, na watano kati yao hawakugusa kitu.

Kwa hiyo yule mama nilimshauri aandike ampia kwenye mikataba yake, mahali palepale anapoandika kodi. Alikubali, lakini aliona neno ampia litawachanganya watu, akataka tuandike vifaa. Tukaandika vyote viwili. Mkataba wa chumba cha tatu unasema breka ya ampia 20, isibadilishwe bila mwenye jengo kuarifiwa, friji mbili na friza moja. Mwenye saluni alipousoma wake aliuliza kama anaweza kuongeza mashine ya tatu ya kukausha nywele. Nikamjumlishia: wati 5,500, karibu ampia 24. Akasema basi birika atalihamishia nyumbani, tukajumlisha upya, 4,500, ampia 19 na nusu, akatia sahihi.